Naombeni ushauri: keneli inatoa onyo, programu ya SACCOS ni ya 2012, nipuuze?

KijanaWaSeva: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia kompyuta za SACCOS moja huku Kanda ya Ziwa. Programu yetu ya mikopo iliandikwa 2012, aliyeiandika hapatikani tena. Inakaa kwenye CentOS 6, mfumo endeshi wa Linux wa zamani. Tangu jana nikipiga dmesg, amri ya kusoma taarifa za keneli (kiini cha mfumo endeshi), naona mistari ya aina hii:

bash[2214] vsyscall attempted with vsyscall=none ip:ffffffffff600400

Swali langu dogo tu: onyo kama hili linapuuzika? Kesho Jumatatu wanachama wanakuja kuchukua mikopo ya ada za watoto.

MzeeWaKazi: CentOS 6 iliachwa kuhudumiwa 30 Novemba 2020, na nyie bado mnaweka akiba za watu humo? Nunueni mfumo mpya. Sisi bei ilituuma lakini tukanunua.

KijanaWaSeva: Mzee wangu, sijauliza habari za kununua.

BintiTarakilishi: Programu inawaka au haiwaki? Anzia hapo.

KijanaWaSeva: Inawaka. Yaani inajaribu. Inakaa kidogo halafu inarudisha 139.

BintiTarakilishi: Programu ikiuawa kwa ishara, namba inayorudi ni 128 jumlisha namba ya ishara. 139 ni 128 jumlisha 11, na ishara namba 11 maana yake imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, keneli ikaiua. Hapo hakuna onyo tena, mdogo wangu, hiyo ni taarifa ya msiba.

FunguoZaJana: Mmenikumbusha 2011, keneli ilipotoka 2.6.39 ikaitwa 3.0. Kuna programu ilikuwa inakagua kama namba inaanza na 2.6, ikakuta 3, ikasusa. Wala hakuna kilichoharibika, namba tu. Baadaye ikaja setarch --uname-2.6, keneli inajidai bado ni 2.6 na programu inaingia mtegoni. Bosi alininunulia soda mbili, moja nikampa mlinzi.

KijanaWaSeva: Sasa hiyo inanisaidia mimi?

FunguoZaJana: Hapana. Nimekumbuka tu.

SinaBaya: Nilikuwa pembeni nasoma. Wakuu, hii ni CHAI, tena ya rangi. CentOS 6 inatembea na keneli 2.6.32, na huo mstari ni wa keneli za miaka ya karibuni. Mtoa mada kauokota mahali akatutungia SACCOS.

Mpiga_Debe: Nani kaja na maandazi?

MzeeWaKazi: Nilijua tu. Mikopo ya ada, eti.

KijanaWaSeva: Sio chai jamani! Sikumalizia maelezo. Mashine yenyewe niliiweka Debian 12, Linux mpya zaidi, juzi usiku, CentOS 6 iko ndani ya kontena la Docker, yaani kama chumba kilichotengwa ndani ya mashine. Nilidhani kontena lina keneli yake.

BintiTarakilishi: Sasa ndiyo umesema. Kontena ni mpangaji, keneli ni ya mwenye nyumba. Programu zilizojengwa juu ya glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.13 kurudi nyuma, na CentOS 6 ina 2.12, zikitaka kujua saa zinagonga mlango mmoja usiohama, ndio huo vsyscall. Hiyo ffffffffff600400 uliyobandika ndio mlango wa saa. Kwa kuwa hauhami, wavamizi wanaupenda, kwa hiyo Debian wakaufunga. Bash yako, ile inayopokea amri ndani ya kontena, imeuliza saa ngapi, ikauawa. Kabla sijakupa dawa: diski ya zamani iko wapi? Irudishe kesho watu wahudumiwe, haya mengine yafanye jioni.

KijanaWaSeva: Nimeifuta.

BintiTarakilishi: Umeifuta?

KijanaWaSeva: Ilikuwa na sekta mbovu dada, na meneja kila siku ananisema kuhusu usalama. Data ninazo, ziko kwenye flashi. Hata ningesubiri ruhusa ingetoka lini? Meneja nimeshamwandikia kwamba umeme umeua seva. Sijatuma.

MamaRiziki: Mwanangu, usitume. Mimi ni mwanachama wa SACCOS, sio yenu, lakini nikisikia akiba yangu iko kwenye flashi moja silali. Umeme hauna mdomo, ndio maana kila mtu anausingizia.

BintiTarakilishi: Nakili hiyo flashi mara mbili SASA. Kisha kwenye Debian fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwasha mashine, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza vsyscall=emulate ndani ya alama za kunukuu ili keneli iuigize ule mlango, piga update-grub, washa upya. Hakikisha kwa cat /proc/cmdline. Unalegeza ulinzi kidogo, kwa hiyo mashine hiyo isiguse intaneti, na muanze kutafuta mfumo mwingine. Mzee hakukosea, aliwahi tu.

SinaBaya: Nabaki pale pale. Lete picha.

*Jumatatu*

KijanaWaSeva: Imewaka! Mwanachama wa kwanza kashapata risiti. Meneja nimemwambia ukweli, ameniita ofisini saa nane. Ila kuna kitu: hapa ni saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, risiti imeandika 05:12. Hili nalo ni keneli?

BintiTarakilishi: Hapana, hiyo ni saa ya Greenwich. Weka TZ=Africa/Dar_es_Salaam unapoanzisha kontena.

Mpiga_Debe: Usirekebishe kwanza. Saa nane ya kontena bado mbali.