Windows XP inaonyesha logo halafu kioo kinakuwa cheusi tii, naombeni msaada

fundi_sare_temeke
Habari zenu wakuu. Nina desktop ya zamani ya Windows XP hapa ofisini Temeke, kazi yake moja tu, kuendesha mashine ya kudarizi nembo za masweta ya shule. Juzi umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, monita yangu flat ikaungua, nikaenda Kariakoo nikachukua used, ile ya chogo. Sasa nikiwasha maandishi meupe ya mwanzo nayaona, logo nayo naiona na kile kimstari cha bluu kinatembea vizuri, halafu kioo kinakuwa cheusi na kataa ka monita kanaanza kuwaka na kuzima. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, nina masweta 60 ya watu na nembo zote zimo humo humo, kopi sina. Fundi wa mtaani kaniambia tupige Windows upya, naogopa jamani. Nifanyeje?

dogo_wa_gongo_la_mboto
Pole mkuu. Chomoa RAM, yale meno ya dhahabu yafute kwa raba ya penseli, rudishia. Mi imenisaidia mara nyingi sana.

mzee_wa_desktop
Raba ni dawa nzuri ila siyo ya ugonjwa huu, RAM ikigoma hata hayo maandishi meupe usingeyaona, ungesikia milio tu. Bosi nijibu mawili: kioo kikishakuwa cheusi, ule muziki wa XP wa kufunguka unausikia? Na ukibonyeza Num Lock, taa yake kwenye kibodi inabadilika?

fundi_sare_temeke
Muziki unalia kama siku zote. Num Lock nimejaribu, inawaka na kuzima.

mzee_wa_desktop
Basi Windows imefunguka nzima, picha tu ndo hupati. Logo ya XP inachorwa kwa 640 kwa 480, hiyo monita yoyote inaiweza, ila ikiisha Windows inarudi kwenye saizi uliyoiwekea ile flat, na hilo chogo saizi hiyo limeshindwa ndo maana linazima. Huyo fundi mwambie asubiri kwanza, akiformat C nembo zinaondoka zote, na XP yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, kuipata tena driver ya hiyo mashine yako utazunguka mpaka uchoke.

Fanya hivi. Washa, kabla logo haijatokea gonga F8 haraka haraka, itakuja menyu nyeusi, shuka kwa mishale mpaka Enable VGA Mode, enta. Vitu vitatokea vikubwa vikubwa, usishtuke. Right click penye uwazi, Properties, Settings, buruta mpaka 1024 kwa 768, halafu ingia Advanced, Monitor, weka 60 Hertz. Ikikuuliza bonyeza Yes ndani ya sekunde 15, ukichelewa inajirudisha. Kama F8 haishiki na kibodi yako ni ya USB, azima ile ya tundu la duara.

dogo_wa_gongo_la_mboto
Nimejifunza kitu mzee, asante.

fundi_sare_temeke
Shikamoo mzee wangu! Kibodi ya USB ilinipita mara mbili, nikaazima ya duara kwa jirani wa stationari, F8 ikashika hapo hapo. Ikoni zilikuja kubwa kama visahani, nikafuata ulivyosema, nimerestart mara mbili inafunguka vizuri. Kabla ya kugusa kingine nimechomeka flash nikakopi folda zima la nembo. Saa hizi sweta ya kwanza iko kwenye mashine, uzi wa njano unamalizia herufi za jina la shule.

mzee_wa_desktop
Marahaba, hongera. Usiku ukimaliza kazi ingia Start, Run, andika cmd, enta, kisha chkdsk c: /f, jibu Y, restart uiache imalize yenyewe, umeme ukikatika ghafla diski nayo huwa inachafuka. Na hiyo flash usilale nayo ofisini, nenda nayo nyumbani.

fundi_sare_temeke
Ipo mfukoni tayari.