Nimeombwa nibebe Biblia kwenda China, moyo unasita. Naombeni ushauri

MzigoMwepesi: Bwana Yesu asifiwe wakuu, na wasio wa huko habari za usiku. Ijumaa naenda Guangzhou kufuata mzigo wa nywele. Kuna mtumishi kaniomba nimbebee begi la Biblia za Kichina, za waumini wanaosali majumbani kwa kujificha. Mpokeaji atanifuata hotelini. Najua ni kazi ya Mungu ila usingizi sipati. Nibebe?

Mama Neema: Mwanangu, Danieli alitupwa kwa simba akatoka mzima. Mimi duka langu la Mbagala liliungua lote, nikafunga siku tatu, leo nina mawili. Omba, beba.

Fundi Saa: Nywele kule jumla wanauzaje siku hizi?

Kaka Mkubwa: Hilo la Biblia si jipya. Juni 1981 watu walivusha milioni moja kwa usiku mmoja, wakazishusha ufukweni karibu na Shantou. Na mateso yapo kweli: Wang Yi, mchungaji wa Chengdu, alipigwa miaka 9 jela mwaka 2019. Ila mkuu, China ndiyo inayochapa Biblia! Kiwanda cha Amity pale Nanjing kimeshapita nakala milioni 200. Kinachobanwa ni kuuza nje ya makanisa yaliyosajiliwa, hata mtandaoni walizitoa 2018. Sasa Biblia ya Kichina itokee Dar? Begi kafunga nani?

MzigoMwepesi: Limekuja na kufuli. Alisema ni kwa usalama wangu, nikiulizwa nisiwe na cha kudanganya.

Mtoto wa Tandika: Mimi Muislamu, hayo ya makanisa nawaachia. Tiketi kakata nani?

Mtoto wa Tandika: Mleta mada, nakuona upo hewani. Tiketi?

MzigoMwepesi: Kakata yeye. Na kanipa dola 1,500 za kujikimu, nimeshalipia kodi ya fremu. Jamani msihukumu. Mama alipolazwa huyu mtu alikuja kumwombea wiki nzima, hakuchukua hata mia.

Kaka Mkubwa: Basi ushajibu mwenyewe, humu umekuja kutafuta wa kukusukuma. Kuna Padri John Wotherspoon, anahudumia wafungwa Hong Kong. Mwaka 2013 aliweka mtandaoni barua za Watanzania waliokamatwa na unga, wakiwaonya wenzao wasibebeshwe. Na hapo ni Hong Kong, hakuna kunyongwa. China bara heroini gramu 50 tu inaweza kukupeleka kwenye hukumu ya kifo. Vunja kufuli, toa vitabu vyote, pima begi tupu.

MzigoMwepesi: Nimevunja. Biblia 14. Begi tupu nimelipima kwenye mzani wa duka la jirani, kilo 6 na robo. Ndani kote limeshonwa kwa uzi wa kijivu, chini kwenye kona uzi mweusi. Lakini si kuna mabegi mazito tu kiasili?

Nyundo: Chai hii. Saa sita usiku duka gani liko wazi? Huyu anaandika riwaya ya kijasusi, mnamsaidia kutafuta sura ya mwisho. Bado mrembo wa Kirusi tu hapo.

Mama Neema: Mimi nilijua tangu mwanzo.

Kaka Mkubwa: Mama, si wewe uliyesema abebe?

Mama Neema: Nilisema aombe kwanza.

MzigoMwepesi: Mangi analala dukani, nimemgongea dirisha. Mnaniita mwongo na mimi nimekaa sakafuni na wembe mkononi.

Mtoto wa Tandika: Weka wembe chini! Usichane, usishikeshike. Asubuhi beba hilo begi na mzee mmoja wa kanisani kwenu, nendeni kwa watu wa kupambana na dawa za kulevya. Simu ya mtumishi usipokee.

MzigoMwepesi: Na kodi ya fremu nitamrudishia na nini?

Nyundo: Sura ya pili hiyo.

Fundi Saa: Kama si chai na safari ipo, shemeji yangu yuko Guangzhou mwaka mzima hajaonja dagaa. Ni kilo mbili tu, nimeshazifunga vizuri.