MJADALA: Eneo dogo la dhahabu lililotafitiwa na kampuni kisha likaachwa, liende kwa nani?

Mleta mada

Wakuu, kila kampuni ya utafiti inapofunga kambi na kuondoka kijijini, ugomvi unaobaki ni ule ule. Wachimbaji wadogo wanadai leseni ya kampuni ifutwe na eneo likatwe vipande vya PML, yaani leseni za wachimbaji wadogo. Wengine wanasema subirini kwanza, kilichoko chini hakijajulikana, mkilitoboatoboa sasa mtaliharibu. Mimi nina upande wangu na nitausema. Mnipinge kwa hoja.

Tuelewane kwanza ukubwa wa kitu. Sizungumzii migodi mikubwa kama Geita wala Bulyanhulu. Nazungumzia mshipa wa kwatzi, lile jiwe gumu jeupe ambalo mara nyingi hubeba dhahabu, wenye urefu wa mita 200 hivi, unene wa mita 1.5, ambao kampuni imeufuata kwa uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo, hadi kina cha mita 100. Pigeni hesabu nami. Hizo ni mita za ujazo 30,000, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mwamba huo ina kama tani 2.7, mnapata tani 81,000. Tuseme wastani ni gramu 6 kwa tani, jambo ambalo si dogo. Jumla ni kilo 486 za dhahabu, karibu wakia 15,600. Kwa mwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hizo ni fedha za kusomesha wajukuu. Kwa kampuni iliyoandikishwa soko la hisa la Toronto au London hazitoshi hata kumshawishi mkopeshaji ajenge mtambo. Ndiyo maana wanaondoka, na ndiyo maana wengine hatuelewi kwa nini wanaondoka penye dhahabu.

Sasa mwamba wenyewe. Kuanzia Mara, Geita na Kahama hadi Nzega na Iramba, dhahabu yetu nyingi imo kwenye mikanda ya miamba ya kijani, yaani lava na mashapo ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba hiyo ilikunjwa na kupasuka, maji ya moto kutoka chini yakapita kwenye nyufa, yakaacha kwatzi, pairaiti (madini ya chuma na salfa) na dhahabu. Kule Lupa, Chunya, miamba ni ya kizazi kingine, lakini nako dhahabu imefuata nyufa. Na mshipa wa kwenye ufa ni mkorofi. Unavimba, unasinyaa, unakatwa na mpasuko mwingine na kusogezwa pembeni. Dhahabu yake haijatandazwa sawasawa, imejikusanya kwenye mifuko. Unaweza kuchukua sampuli mbili kwenye ukuta mmoja, hatua moja kati yake, moja ikasoma gramu 40 na nyingine isifike hata nusu gramu. Anayekuonyesha jiwe moja linalong'aa na kukuambia "hapa pana mgodi" hajakuambia kitu.

Historia nayo inajirudia. Sekenke, kule Iramba, Wajerumani waliipata dhahabu mwaka 1907 na mgodi ukaanza uzalishaji 1909. Vita ilipowabana, mwaka 1916 walipiga Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya huko huko Sekenke. Wakaja Waingereza, nao wakaondoka. Lupa ilijaa watafutaji miaka ya 1930 kwa ajili ya dhahabu ya mitoni, kisha ikapoa. Tangu hapo, bei ya dunia ikipanda anakuja mtu mpya, anachukua sampuli za udongo upya, anachimba mitaro pembeni ya mitaro ya aliyemtangulia, anachoronga mashimo machache, bei ikishuka anaondoka na makabrasha yake. Anayemfuata anaanza sifuri.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni ikimaliza muda wake wa kisheria bila kuomba leseni ya kuchimba, eneo liende kwa wachimbaji wadogo, bila kuongezewa siku. Ila liende pamoja na ramani, matokeo ya maabara na zile kori, yaani vipande vya mwamba vyenye umbo la fimbo vilivyotolewa kwenye mashimo ya uchorongaji. Tunagombania ardhi wakati kitu kinachopotea kila mara ni taarifa.

Mwanaduara

Mkuu, umeongea vizuri ila umewasahau waliotangulia. Nani aliipata hiyo dhahabu? Mara nyingi kampuni inakuja kufuata maduara yetu. Wanapiga picha ya watu wakichimba, wanaweka nukta kwenye ramani, wanaita ugunduzi. Bulyanhulu ilikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo kabla hawajaondolewa Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001. Leo kila mtu anazungumzia mgodi.

Halafu hizo kori na makabrasha nitayafanyia nini? Mimi nafuata jiwe kwa macho na nyundo. Nipeni PML yangu ya hekta 10, hayo mengine bakini nayo.

Kori Mkononi

Nimefanya kazi za uchorongaji, kwa hiyo nijibu hapo kwenye "yatanisaidia nini".

Tabaka la juu, labda mita 30 au 40 kutegemea eneo, mwamba umeoza. Ni mwekundu, unavunjika kwa tindo, na dhahabu yake iko huru. Hapo karasha (mashine ya kusaga mawe) na zebaki vinafanya kazi, japo mara nyingi huondoki hata na nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na kwa desturi ya mialo mingi (sehemu za kusagia na kuoshea) marudio ni ya mwenye mwalo. Yeye anayapeleka kwenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na kuvuna zaidi ya aliyeshuka shimoni. Hilo peke yake linastahili mjadala wake.

Ukivuka hapo unakutana na maji, na chini ya maji mwamba ni mgumu wa kijivu wenye salfaidi, yaani madini yenye salfa. Dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti, na ukiwa na bahati mbaya ndani ya arsenopairaiti, ambayo ina aseniki pia. Zebaki haiigusi. Hapo ndipo maduara mengi yanapofia, na watu wanasema "dhahabu imekwisha". Haijaisha. Imebadilika tabia.

Kori ya mita 80 ingekuonyesha mapema mpaka huo uko wapi, arsenopairaiti ipo au haipo, na mshipa umelalia upande gani. Tena shimo lililotoka bila dhahabu lina thamani sawa na lililotoka nayo, kwa sababu linakuzuia kuzika mtaji pale. Kampuni hazipendi kutangaza mashimo makavu. Hayo ndiyo mnayopaswa kuyadai kwanza.

Lakini mleta mada nakupinga kwenye "bila kuongezewa siku". Mkichimba mita 30 za juu peke yake, mmeondoa sehemu rahisi ambayo ingelipia gharama ya kushuka chini. Kilichobaki chini hakilipi kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Kuna maeneo ambayo miaka 2 zaidi ya uchorongaji ingeyageuza kuwa mgodi halisi wa kati, wenye ajira na mrabaha, yaani malipo ya Serikali kutokana na madini yanayouzwa.

Mwanaduara

Miaka 2 zaidi! Wamekaa 4 ya kwanza, wakaongezewa 3, wakaongezewa 2. Hiyo ni 9. Mtoto aliyezaliwa walipofika sasa yuko darasa la tatu. Na wengine humo ndani hawakuchoronga hata shimo moja, walikuwa wanasubiri mnunuzi wa leseni.

Kalamu Nyekundu

Niweke sheria mezani kwa kifupi. Miaka 4, kisha 3, kisha 2 ndivyo Sheria ya Madini ya 2010 inavyosema kwa leseni ya utafiti. Zamani kulikuwa na mlango wa pembeni, leseni ya kuhodhi eneo kwa madai kwamba soko au teknolojia bado. Marekebisho ya 2017 yaliufuta. Kwa hiyo Kori, hizo siku za nyongeza unazoziombea hazina tena pa kukaa. Anayeona eneo lina dhahabu ya kuchimbika aombe leseni ya uchimbaji, akubali hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16, na kwa kawaida mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kama hesabu yake haivumilii hayo, basi kwake yeye eneo hilo si mgodi.

Mwanaduara naye ajue kwamba PML haiwekwi juu ya leseni ya utafiti iliyo hai. Mpaka mwenyewe aachie kipande, au muda uishe, au ifutwe kwa kukiuka masharti. Kuvamia kunakuharibia wewe, hakumharibii yeye.

Kuhusu takwimu, mleta mada anaomba kitu ambacho kwenye karatasi kipo. Marekebisho hayo hayo ya 2017 yanasema taarifa za utafiti wa madini ni mali ya Serikali, na hazina yake inasimamiwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, pale Dodoma. Kazi iliyobaki ni kuzitoa kabatini zimfikie mtu wa Sekenke.

Bibi Shamba

Samahanini wanangu, mnagawana wenyewe kwa wenyewe. Shamba ni la nani? Madini yaliyo chini ni ya Taifa, sawa, sigombani. Lakini mtaro wa utafiti ulioachwa wazi katikati ya mtama wangu ni wa nani? Kampuni imeondoka, mnasema eneo liende kwa wenye PML, nao watachimba maduara mengine. Mimi kila zamu nalipwa mazao ya msimu mmoja na shimo linabaki miaka yote. Ng'ombe haulizi leseni ni ya aina gani.

Mleta mada

Mama, nimekusikia. Mitaro ifukiwe kabla leseni haijarudishwa, na ofisi ya kijiji isaini kwamba imefukiwa. Hili sioni wa kulipinga.

Kori, hoja yako ya mita 30 ni nzito na sina namna ya kuimaliza kwa maneno matamu. Ni kweli wadogo watakula sehemu rahisi. Ila tazama mbadala wake. Kampuni ya kwanza imeondoka, ya pili haijaja, na usiku watu wanashuka bila ramani, bila nguzo, bila mtu anayewaandika majina. Sehemu rahisi inaliwa vilevile, tofauti ni kwamba inaliwa gizani na bila mrabaha. Kati ya hayo mawili nachagua lenye leseni.

Mwanaduara, wewe unajua kuliko mimi mshipa ukikatika kwenye mita 40 kinachofuata ni nini. Watu wanachimba njia ya pembeni kwa kubahatisha, kushoto miezi, kulia miezi, mpaka mfadhili anakimbia. Shimo moja la kampuni lililopita jirani lingesema mshipa umesogea upande gani.

Mwanaduara

Hapo umenigusa, sikatai. Lakini ripoti yenyewe ni kurasa mamia za Kiingereza, na kijijini kwetu hakuna wa kuisoma.

Kori Mkononi

Huhitaji ripoti nzima. Karatasi moja inatosha. Ramani ya mashimo yenye alama za kupimia za GPS, jedwali la kina na gramu kwa tani, mstari unaoonyesha mwamba uliooza unaishia wapi, na maji yako mita ngapi. Ibandikwe kwa afisa madini mkazi. Mashimo makavu yaandikwe pia. Mjiolojia mmoja anaitengeneza kwa siku chache kama takwimu anazo.

Bado nasema mtaua maeneo kadhaa mazuri kwa haraka hii. Lakini hiyo karatasi nitaisaini.

Kalamu Nyekundu

Na kori zenyewe? Masanduku ya mbao huliwa na mchwa, maandishi yanafutika, baada ya mvua kadhaa hakuna anayejua kipande kipi kilitoka shimo lipi. Banda la kuyahifadhi linataka fedha na mlinzi. Nani alipe?

Mleta mada

Kampuni, na iwe sharti wakati inaomba ile nyongeza ya kwanza ya miaka 3, si wakati inaondoka. Anayefunga mizigo humpati.

Mwanaduara

Wakilipa hilo banda, mimi nitakuwa mlinzi. Ila funguo moja ikae kwa mtendaji wa kijiji.