Mtungi wa CO2 unaisha kabla ya bia, na povu la sabuni halionyeshi kitu

Bomba_Mbili:
Wakuu, habari za jioni. Niko Columbus, Ohio, napika bia nyumbani kwa ajili yangu na jamaa wachache. Nina friji kuukuu niliyoitoboa mlangoni nikafunga bomba mbili. Ndani kuna kegi mbili (mapipa ya chuma) za lita 19, zile zilizokuwa za soda zamani, na mtungi wa paundi 5 wa CO2, gesi ya kusukuma bia. Nikitoka kujaza mtungi geji kubwa inasoma PSI 800 (kipimo cha presha). Nikiuingiza kwenye friji, kesho yake inasoma 500 na kitu, inakaa hapo hapo, najua mambo safi. Ghafla naamka sifuri, na bia haijafika hata nusu. Nimepulizia povu la sabuni kila kiungo, hakuna hata kipovu. Dukani wananiambia ninunue regulata mpya (kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi). Kuna aliyewahi kukumbana na hili?

Kimea_Tu:
Pole mkuu. Zungushia tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi zote, hasa pale regulata inapoingia kwenye mtungi. Kaza na spana kubwa.

Fundi_Baridi:
Mtoa mada, hela ya regulata iache mfukoni kwanza. Mimi kazi yangu ni friji na viyoyozi, gesi inayovuja ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, na bia napika pia.

Kwanza hiyo 800 kushuka hadi 500 siyo kuvuja. CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika, na presha inayosomwa na geji inafuata joto lake tu. Maadamu kuna kimiminika, itasoma hivyo hivyo mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo. Kikiisha, sindano inaanguka mara moja, ndiyo maana unashtukizwa. Ukitaka kujua kilichobaki, weka mtungi kwenye mizani. Shingoni pamechongwa TW na namba, huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Toa, kinachobaki ni gesi. Mtungi wako unatakiwa kumaliza kegi sita bila jasho.

Pili, sabuni inaona matundu makubwa. Tundu dogo linaweza kutoa kipovu kimoja wakati wewe umeshageukia kiungo kingine. Kwa hiyo mimi siwindi, natenga. Toa mtungi kwenye friji, uache upate joto la chumba, la sivyo baridi itakushushia geji na utalaumu bure washa (kile kiduara cha kuziba kati ya mtungi na regulata). Funga koki ndogo ya regulata inayokwenda kwenye mpira wa kupeleka gesi kwenye kegi. Fungua mtungi, geji ipande, kisha ufunge mtungi kabisa. Nenda kalale. Kati ya valvu ya mtungi na regulata gesi iliyonaswa ni kiduchu mno, kwa hiyo hata tundu la sindano litaangusha geji hadi asubuhi. Ikishuka, kosa liko kwenye washa au regulata yenyewe. Isiposhuka, regulata yako nzima, na yule wa dukani mpe salamu zangu. Hapo unarudia jaribio na mpira na konekta zake (vichwa vinavyobana kwenye kegi) bila kegi, kisha kegi moja, kisha ya pili.

Angalizo: ukijaribu na kegi yenye bia ambayo haijashiba gesi, geji itashuka tu, kwa sababu bia inainywa. Watu wengi wamebadilisha oringi (viduara vya mpira vya kuziba) nzima nzima kwa ajili hiyo.

Na tepu, ndugu yangu Kimea_Tu, pale kwenye mtungi haina kazi. Nyuzi zinavuta tu, kinachoziba ni washa. Washa ikichoka unaitupa.

Mbege_Ughaibuni:
Fundi, shikamoo. Mimi oringi zangu nazipaka Vaseline, zinateleza vizuri. Kuna ubaya?

Fundi_Baridi:
Marahaba dada. Acha kabisa, mafuta ya petroli yanavimbisha mpira, na yakigusa bia yanaua povu. Tafuta grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye chakula, kidogo tu, mpira ung'ae basi.

Bomba_Mbili, friji iko chumba gani? Paundi 5 za CO2 zikitoka zote ni zaidi ya lita 1,200 za gesi. Mtungi wa kupikia umetiwa harufu makusudi, huu hauna, na gesi yake ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Kama ni kachumba kadogo cha chini ya nyumba ambako mtu analala, leo usiku funga mtungi.

Bomba_Mbili:
Iko gereji, hakuna anayelala huko. Nimefanya ulivyosema. Regulata usiku kucha haikutikisika. Mpira na konekta, vile vile. Kegi ya kushoto ilikuwa tupu, nikaisukumia PSI 30, nikaipindua kichwa chini kwenye ndoo ya maji. Kimya. Nilikuwa nakaribia kuitoa ndipo kikatoka kipovu kimoja ubavuni mwa mdomo wa gesi, nikahesabu hadi kumi na kitu, kikaja kingine. Nimeufungua ule mdomo, oringi ndogo ya ndani, ile inayokaa chini ya kola ya kile kijibomba kifupi, imepasuka kama nusu ya duara. Ya nje niliyokuwa nailowesha sabuni haina tatizo lolote.

Kimea_Tu:
Kumbe ipo ya ndani! Inauzwa moja moja au mpaka seti?

Fundi_Baridi:
Chukua seti, bei haitofautiani sana. Na wewe mtoa mada badilisha za kegi zote mbili, zina umri mmoja. Ukishafunga, rudisha ile kegi kwenye ndoo kabla hujaitia bia.

Bomba_Mbili:
Sawa mkuu. Mtungi nimejaza jana, mizani ya bafuni imesoma paundi 12.6, TW ni 7.6. Nitaleta namba ya Jumamosi.