Hela ya kwaya imepungua na mkutano ni Jumapili, naombeni ushauri

Tumaini la Asubuhi (mleta uzi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wa imani nyingine nawasalimu pia.

Mimi ni katibu wa kwaya ya vijana, sisi ni Walutheri, tupo Mbeya. Tangu mwaka juzi tunachanga hela ya kununua kinanda. Kila mwanakwaya elfu kumi kwa mwezi, na humo kuna wanafunzi, kuna mabinti wanauza mboga sokoni Soweto. Tumeimba kwenye harusi za watu, tumefanya mnada wa mikungu ya ndizi baada ya ibada, mpaka ikafika milioni 3 na laki 2. Wiki iliyopita naandaa taarifa ya mkutano, nikaomba kuona salio. Mtunza hazina akanionyesha laki tisa kwenye simu yake, maana ndiko hela inakokaa.

Amesema ataziba, na mimi naamini ataziba. Swali langu ni moja tu: Mkristo akimsitiri ndugu yake aliyeteleza, akamsaidia kurudisha kimyakimya, ametenda dhambi? Petro anasema upendano husitiri wingi wa dhambi. Sitaki mtu aaibike mbele ya watu. Usingizi sina.

Mama Wawili
Pole binti. Lakini kabla ya dhambi, hela ya kwaya inakaaje kwenye simu ya mtu mmoja? Sisi jumuiya yetu ni akina mama watupu, wengine hawajui hata kusoma, lakini tuna akaunti benki na watia saini watatu. Mmoja akisafiri, hela haitoki. Tulinunua masufuria ya misiba na viti 60 na hakuna aliyewahi kuulizana. Fungueni akaunti.

Msafiri wa Tunduma
Umenikumbusha kikoba chetu. Mweka hazina alikuwa mlokole hasa, mikesha yote yeye ndiye anafungua kwa sala. Siku ya kuvunja kikoba tukafika nyumbani kwake na soda tumenunua, tunakuta mlango una kufuli. Kumbe alfajiri alishavuka kwenda Nakonde, Zambia. Mimi nilikuwa nategemea ile hela kwa ada ya mtoto, ikabidi niuze pikipiki. Ukiambiwa "nitaziba" uliza lini na kwa hela ipi. Wa kwetu naye alisema ataziba.

Mwalimu wa Solfa
Nitasema ukweli hata mkichukia. Kwaya zetu zimeharibiwa na vyombo. Zamani tuliimba sauti nne kwa solfa, bila kinanda, na watu walitokwa machozi kanisani. Leo kwaya haijui kushika besi lakini inachangisha mamilioni. Bila kinanda hela hiyo isingekuwepo na jaribu lisingekuwepo.

Chumvi Kidogo
Dada Tumaini, umeanza vizuri. Mathayo 18:15 inasema nenda kwake mkiwa wawili peke yenu, na wewe umeongea naye kwanza. Lakini nimesoma post yako mara mbili, kuna kitu umekiacha. Katibu ambaye hahusiki angeuliza amwambieje mwenyekiti. Wewe umerukia kuuliza kama kuficha ni dhambi. Huyu mtunza hazina ni nani kwako?

Tumaini la Asubuhi
Sikuona umuhimu wa kulisema kwa sababu kosa ni kosa bila kujali nani kafanya. Ni mchumba wangu. Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa Jumapili iliyopita. Lakini naomba tusiingie kwenye mambo ya ndoa, nauliza la kwaya.

Mama Wawili
Jamani! Mwanangu, hayo huwezi kuyatenganisha. Anayegusa hela ya watoto wa watu leo, kesho atagusa ya ada ya watoto wako. Nimeishi na mwanaume wa hivyo miaka, najua ninachosema. Simamisha matangazo.

Msafiri wa Tunduma
Mama Wawili, taratibu. Usivunje ndoa ya watu kwa comment. Kwanza tujue hela ilienda wapi. Kamari? Mwanamke mwingine? Mgonjwa?

Tumaini la Asubuhi
Si kamari na si mwanamke. Ni mahari.

Baba aliomba ng'ombe kama ilivyo kwetu Rungwe, wazee wakakubaliana ilipwe kwa fedha. Mwenzangu ni fundi seremala, wateja wawili wakubwa walichelewa kumlipa, na siku ya kupeleka ilishapangwa na mshenga. Akaona aibu kufika mkono mtupu, akachukua milioni 2 na laki 3 za kwaya akachanganya na zake. Mimi nimejua wiki iliyopita tu, naapa. Na baba hela ile ameshaezekea nyumba.

Sasa mtaelewa kwa nini siwezi kusimama mbele ya mkutano nikasoma laki tisa. Nimeshaomba mkopo kwenye kikoba cha kazini, unatoka Ijumaa. Nitaingiza yote, Jumapili nitasoma milioni 3 na laki 2, na itakuwa kweli. Hakuna atakayekuwa amepoteza senti. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wake, kwamba kama anadaiwa kitu, kiandikwe juu yangu. Mimi namfanyia mchumba wangu hivyohivyo. Kama Paulo hakukosea, mimi nakosea wapi?

Kijiti
Wakuu hii ni chai, leteni vikombe. Akaunti imefunguliwa leo. Mwanzo ni mtunza hazina tu, akibanwa anakuwa mchumba, akibanwa tena inakuwa mahari, kesho tutaambiwa mwenyekiti wa kwaya ni mjomba wake. Tena tupo Kwaresima. Walutheri gani hao wanafunga ndoa Kwaresima? Mtunzi, ungeuliza kalenda ya kanisa kwanza.

Mwalimu wa Solfa
Kijiti ana hoja. Hata mimi nilishangaa katibu anayejua Filemoni asijue Mithali 28:13, afichaye dhambi zake hatafanikiwa.

Msafiri wa Tunduma
Na mimi nilishaanza kuumia moyo kumbe tamthilia.

Tumaini la Asubuhi
Sijasema ndoa ni Kwaresima. Ni baada ya Pasaka. Tangazo linasomwa Jumapili tatu na sisi tumeanza mapema kwa sababu baadaye mchungaji anasafiri. Akaunti nimefungua leo kwa sababu ile ya zamani ina picha yangu na wanakwaya wenzangu wamo humu. Sikuja kuburudisha mtu. Kama mnaona ni hadithi, basi, moderata afunge uzi.

Mama Wawili
Kijiti muache mtoto wa watu. Hata kama kaitunga, hakuna kanisa ambalo jambo hili halijawahi kutokea.

Chumvi Kidogo
Mimi namjibu kama ni kweli, maana nikikosea sipotezi kitu.

Dada, Filemoni ni mahali pazuri pa kusimama, ila isome kuanzia mstari wa kwanza. Barua ile Paulo hakumwandikia Onesimo amfariji. Alimwandikia Filemoni, mwenye kudai, na mstari wa 2 unawataja Afia, Arkipo na kanisa lililo nyumbani mwake. Deni limetajwa mbele ya wenyewe. Halafu mstari wa 12, Onesimo anarudishwa yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kwa mtu aliyemkosea. Ndipo Paulo anasema nitalipa mimi, kwa mkono wake mwenyewe. Wewe unataka kulipa ili Filemoni asijue kama alidhulumiwa na Onesimo asirudi. Hilo Paulo hakulifanya.

Filemoni wenu ni yule binti wa mboga Soweto aliyetoa elfu kumi ya mwezi huku amepanga chumba. Hesabu 5:7 inasema mkosaji aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Ile sehemu ya tano haifidii hela tu, maana hela ilisharudi. Inamlazimu mtu kumtazama usoni aliyemkosea.

Halafu angalia mkopo wako unafanya nini. Unaingia kwenye ndoa na deni ambalo mwenzako hakulibeba, na siku mtakayogombana utalitoa mfukoni. Nimeliona hili kwenye kamati za usuluhishi kanisani. Mke analipa, mume anashukuru mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu anaichukia ile shukrani.

Ningekuwa wewe, ningemwambia aende mwenyewe kwa mwenyekiti na mlezi wa kwaya kabla ya Jumapili, na karatasi ya tarehe za kurudisha. Akabidhi hazina. Ukitaka kumsaidia hela, msaidie baada ya hapo, hadharani. Wewe usisome taarifa yenye tarakimu iliyopikwa, hata kama siku hiyo salio litalingana. Mkutano hautauliza salio tu. Utauliza hela ilikuwa wapi.

Sijakuambia uvunje uchumba. Lakini nijibu hili: umeandika mara mbili kwamba ataziba. Amewahi kusema nimekosa?

Tumaini la Asubuhi
Amesema alikuwa amezishika kwa muda. Na kwamba angeambia nani, wakati kila mtu alikuwa anaangalia siku ya mahari tu.

Hapana. Neno hilo hajalisema.

Mwalimu wa Solfa
Nifute nilichosema kuhusu Mithali. Dada, mimi nimekuwa mwalimu wa kwaya muda mrefu. Kijana akija akaniambia mwalimu nimechukua, nitamkemea na wiki inayofuata ataimba. Nikigundua mwenyewe, kwaya inavunjika vipande viwili, wa upande wake na wa upande mwingine, na hata sauti hazilingani tena. Mwambie awahi.

Kijana wa Uyole
Sijawahi kuchangia uzi, huwa nasoma tu. Mimi ni mtunza hazina wa jumuiya, hela ya mavuno iko kwenye simu yangu na juzi nilinunulia luku nikisema nitarudisha. Nimeirudisha leo na nimemwambia mzee wa jumuiya aje na mwenzake nikawakabidhi. Kijiti unaweza kuita chai.

Kijiti
Nimenyamaza. Ila dada, huo mkopo wa kikoba uufute leo, Ijumaa ikifika hela ikiwa mkononi utashindwa.

Tumaini la Asubuhi
Nimempigia mhasibu wa kikoba, ameniambia nikiandika barua kabla ya saa sita kesho utasimama. Nitaandika.

Mwenzangu nimemtumia maneno ya Chumvi yote kama yalivyo. Alikaa muda mrefu bila kujibu, kisha akaandika kwamba kesho jioni baada ya mazoezi ataongea na mwenyekiti, akaniomba niwepo. Nimemwambia nitakaa nje, aingie yeye. Amekasirika kidogo.

Kinachonishinda ni baba. Akisikia mabati yale yametoka wapi, sijui.

Mama Wawili
Usimpigie baba simu, mwanangu. Mambo ya mahari hayapiti kwa binti. Mchumba wako amwendee mshenga kwanza, mshenga ndiye aende Rungwe. Na aende kabla habari hazijafika kwa njia nyingine, maana Tukuyu na Mbeya ni nauli ya mara moja tu.