Mzingile wangu humalizwa kwa dakika nne: nirekebishe nini?

mjenzi_likoni aliuliza:

Waungwana, salaam. Nina dunia yangu ya Minecraft (mchezo wa kielektroniki wa kujenga kwa matofali), toleo la Bedrock linalochezwa kwenye simu na kompyuta, ambamo kila Ijumaa usiku hukutana na wapwa zangu sita: watatu wako hapa Mombasa, wawili Tanga, na mmoja yuko Muscat alikohamia na wazazi wake. Baadhi yao hutumia simu na wengine kompyuta. Likizo hii niliwajengea mzingile, yaani njia za kupotezana, wa matofali 31 kwa 31, wenye njia za upana wa tofali moja na kuta za kimo cha matofali matatu, na katikati nikaweka chumba chenye sanduku la almasi. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja aliumaliza kwa dakika nne, huku akibishana na mama yake kuhusu vyombo ambavyo hajaviosha.

Nilipomwuliza alivyofanya, alijibu kwamba aliufuata ukuta wa mkono wa kulia tangu langoni bila kuuacha hata mara moja, mpaka akajikuta mbele ya sanduku. Mwenzake alijijengea nguzo ya udongo, akasimama juu ya ukuta na kuitazama njia yote kama mtu aliye roshani. Mitego nayo iliniaibisha. Bamba la mbao, lile linalofyatua mtego likikanyagwa, nililolitega mbele ya shimo lilifyatuliwa na mbegu za ngano, ambazo mmoja wao alizirusha mbele yake kila baada ya hatua chache. Na shimo lenyewe, lenye kina cha matofali 25, lilimwua yule mdogo kuliko wote, akapoteza upanga na deraya yake, akalia, akazima simu.

Ninaomba msaada katika mambo mawili: jinsi ya kuushinda ujanja wa mkono wa kulia, na jinsi ya kutega mtego unaomchelewesha mtu bila kumwua.

mwalimu_wa_hesabu alijibu:

Ndugu mjenzi, mpwa wako hakubahatisha. Mzingile usio na njia ya kuzunguka na kujirudia huwa, ukiutazama kwa makini, ni ukuta mmoja tu uliokunjwakunjwa: kila kipande kimeshikana na kingine, na hatimaye vyote vimeshikana na ukuta wa nje. Anayeufuata ukuta huo bila kuuacha atapita mbele ya kila kona iliyomo, pamoja na chumba chako cha almasi. Huenda akachelewa, lakini hawezi kukikosa.

Tufanye hesabu kidogo, maana itakusaidia pia katika vifaa. Katika uwanja wa 31 kwa 31 unapata nafasi 225 za kusimama, yaani 15 kwa 15, na ili kuziunganisha zote bila mzunguko hata mmoja unahitaji kufungua mapengo 224. Ukitoa hizo 449 katika 961, unabaki na nafasi 512 za ukuta, ambazo kwa kimo cha matatu ni matofali 1,536. Hayo ni marundo 24 (katika mchezo rundo moja ni matofali 64), na sanduku dogo hubeba marundo 27, kwa hiyo mzingile mzima, kabla ya kutoa lango na chumba cha katikati, unaingia katika sanduku moja na nafasi tatu zinabaki. (Ninakiri kwamba hesabu hii hunifurahisha kuliko inavyostahili.)

Sasa dawa yake. Chukua karatasi ya miraba, uchore mzingile wako kama ulivyo, kisha uweke kalamu kwenye ukuta wa chumba cha almasi na uufuate ukuta huo, ndani ya wino wake, ukirudi nyuma mpaka ufike ukuta wa nje. Utakuta njia moja tu, kwa sababu kuta zako zimeota kama matawi ya mti. Mahali popote kwenye njia hiyo, toa nafasi moja ya ukuta, yaani matofali matatu yaliyosimama. Kuanzia hapo kuta za chumba zimekuwa kisiwa, hazishikani tena na lango. Mtu atakayefuata mkono wa kulia atazunguka kila upande wa bara, atakiacha kisiwa bila kukigusa, na atarudi langoni alikoanzia. Akijaribu mkono wa kushoto, yatampata yaleyale. Atashinda siku atakapothubutu kuuacha ukuta wake na kuvuka kwenda ukuta wa pili, na hapo atakuwa ameshinda kwa kufikiri, jambo ambalo nadhani ndilo ulilolitaka.

Kuhusu anayepanda juu, weka paa. Litakula matofali 961, yaani marundo 15 na tofali moja, na litazuia pia ramani ya mchezo, kwa kuwa ramani huchora kilicho juu na si kilichofunikwa. Usitumie kioo. Weka taa za kutosha ndani, kwani tangu toleo la 1.18 la mchezo mazimwi huzaliwa pale ambapo mwanga wa taa ni sufuri, na kona moja uliyoisahau inatosha kukuharibia mchezo. Halafu usiku wa mchezo, wabadilishe wachezaji waingie katika modi ya advencha, ambayo haimruhusu mtu kuvunja wala kuweka tofali, na uzime uonyeshaji wa majira ya nukta, yaani namba za mahali mchezaji alipo, katika mipangilio ya dunia. Mtoto anayeyaona majira ya nukta kwenye kioo cha simu yake anajua daima katikati iko upande gani.

Jambo la mwisho ni la macho zaidi kuliko la hesabu. Aliyewahi kupotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua kwamba kinachompoteza si wingi wa njia. Vichochoro vile hupinda kidogo kila baada ya nyumba chache, kwa hiyo huoni mbali, na kila ukigeuka unadhani sasa ndiyo unatokea baharini. Njia zako ndefu zilizonyooka zikate.

mtegaji_wa_pemba alijibu:

Mwalimu amemaliza habari za kuta, nami niseme ya mitego.

Sisi tuliokulia kwa wavuvi tumeliona dema, mtego wa kusuka wa samaki: samaki huingia kwa wepesi, kisha ndani anaogelea mzima wa afya, ila pale alipoingilia hapaoni tena. Mtego wako uwe hivyo. Katika Minecraft mchezaji huruka juu kiasi cha tofali moja na robo, kwa hiyo mteremko wa matofali mawili ni mlango wa kwenda bila kurudi, usiohitaji mtambo wowote. Maporomoko nayo hayamwumizi mtu mpaka yapite matofali matatu; baada ya hapo kila tofali humtoa nusu moyo (mioyo ndiyo kipimo cha uhai katika mchezo), na mwenye mioyo kumi kamili hufa akianguka 23. Deraya ya kawaida haisaidii. Mtoto yule, kaka, ulimhukumu kifo kabla hajaingia.

Chimba chini ya njia ushoroba wa kimo cha matofali mawili. Sakafu yenyewe ni tofali moja, kwa hiyo jumla ya anguko ni matatu kamili: hakuna jeraha, na hakuna kurudi juu. Ushoroba huo upeleke hadi karibu na lango. Aliyenaswa atapoteza dakika zake tu.

Sakafu ya kufunguka ifanye kwa pistoni za kunata, yaani mitambo inayosukuma tofali na kulivuta tena. Zikiwa na nguvu zinasukuma matofali yakae mahali pake kama sakafu. Mtu akikanyaga bamba, mwenge wa redistoni (umeme wa mchezo) unaozipa nguvu unazimika, pistoni zinarudi na matofali yake, na sakafu inafunguka. Muda mfupi baada ya mtu kutoka kwenye bamba, mwenge unawaka tena na sakafu inajifunga juu yake, hata anayemfuata haoni alama. Kuna jambo moja linalowasumbua wengi. Pistoni na tofali lake vinahitaji nafasi mbili kando ya njia, na kwa njia zako za tofali moja nafasi ya pili inaangukia kwenye sakafu ya njia ya jirani, ambako itaonekana. Kwa hiyo mtego huu utege kwenye njia inayopakana na ukuta wa nje, ili pistoni zikae nje ya uwanja. Lifanye shimo liwe na urefu wa matofali matatu na lianze pale pale baada ya bamba, kwa sababu anayekimbia hupita zaidi ya matofali matano kwa sekunde, na mtambo wowote unaokawia utamkuta ameshavuka.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na bamba la mbao ni mtego wa panya kweli: hata mbegu iliyodondoshwa hulibonyeza. Tumia bamba la jiwe, ambalo huhisi wachezaji na viumbe tu, na liweke juu ya sakafu ya jiwe la kawaida ili rangi zifanane. Nyuzi za kutegea sikushauri, kwani mwenye mkasi huzikata bila mtego kufyatuka.

Tahadhari pia na video za mafunzo. Nyingi zimerekodiwa katika toleo la Java, toleo jingine la mchezo huu, ambako pistoni huweza kuamshwa na nguvu iliyo nafasi moja juu yake. Katika Bedrock jambo hilo halipo, na mtambo ulionakiliwa vizuri kabisa utakaa kimya. Mwisho, washa mpangilio wa kumwachia mtu vitu vyake akifa, ili mambo ya upanga yasirudi.

mjenzi_likoni alijibu:

Mwalimu, na wewe ndugu wa Pemba, ninawashukuru sana. Jana usiku tuliujaribu. Yule bingwa wa mkono wa kulia alitembea kimya kwa muda mrefu, kisha nikamsikia akisema, “Mjomba, umehamisha lango.” Alikuwa amerudi langoni. Aliyetumbukia katika ushoroba alikuwa yule mdogo, naye safari hii alicheka, akatumbukia tena kwa makusudi.

Hata hivyo nina kasoro moja. Kwa tamaa yangu sikukata ukuta mahali pamoja, nilikata mahali patatu, na mpwa wa Muscat alifika kwenye sanduku kwa kutangatanga tu, bila kanuni yoyote. Je, nilizidisha?

mwalimu_wa_hesabu alijibu:

Ulizidisha. Kila pengo unaloliongeza linampa mtangaji njia nyingine ya kufika, kwa hiyo unayempoteza ni mwenye kanuni peke yake, huku asiye na kanuni ukimsaidia. Acha pengo lililo mbali zaidi na lango, uyazibe mawili yaliyobaki, kisha uchore upya karatasi yako na uufuate tena ukuta wa chumba kwa kalamu, ili uwe na hakika kwamba ulilolibakiza ndilo linalokitenga kisiwa.