MJADALA: Tozo ya korosho ikishakatwa, nani aamue inakwenda wapi?

Mwanatandahimba (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Msimu ukikaribia, huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, mazungumzo ya kijiweni ni bei tu. Leo naomba tuiweke bei pembeni tuzungumzie tozo, ile inayotozwa korosho ghafi ikitoka nje ya nchi. Kiwango tulichokizoea ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kinacholipwa ni kile kilicho kikubwa. Tani ikiwa na thamani ya dola 1,500, tozo ni dola 225.

Kisheria mlipaji ni msafirishaji, yaani mnunuzi anayepeleka korosho nje. Lakini msafirishaji huyo, kabla hajataja bei yake, ameshapiga hesabu zake: bei ya India au Vietnam, toa meli, toa ghala, toa magunia, toa tozo, toa faida. Kinachobaki ndicho anachotuletea mnadani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hiyo imetoka kwenye kilo ya mkulima, ingawa kwenye malipo yake haionekani popote.

Hadi 2018 sheria ilisema asilimia 65 irudi kuliendeleza zao, 35 iende Hazina. Juni mwaka ule Bunge likabadilisha, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga, wakiwemo wa chama tawala, na haikusaidia. Miezi michache baadaye, Oktoba, wakulima wa Tandahimba na Newala wakasomewa barua za wanunuzi, bei ya juu ikiwa shilingi 2,700 na ushee kwa kilo, wakakataa. Mkutano mzima ukasema hatuuzi, na korosho ikabaki ghalani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mkulima huyohuyo mwenye nguvu ya kumwambia tajiri wa kigeni "hapana", hana mahali popote pa kuuliza tozo ya korosho yake imefanya nini. Nataka mgawo ule wa 65 kwa 35 urudi ndani ya sheria, na wenye zao wawe na kura juu ya matumizi ya sehemu yao. Karibuni.

Kaka wa Masasi

Mkuu, umeandika vizuri ila sikubaliani nawe. Kodi ikishalipwa ni ya taifa. Kila mkoa ukidai chake, Singida na Dodoma watajengewa na nani? Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, halikujengwa kwa korosho peke yake. Kabla yake tulikuwa tunalala kwenye foleni ya kivuko, wazee wanakumbuka. Upanuzi wa bandari ya Mtwara nao ni fedha ya Watanzania wote. Katiba yenyewe inataka mapato ya Serikali yaingie Mfuko Mkuu.

Halafu tuwe wakweli, mfuko wa zao uliokuwepo ulilalamikiwa na wakulima hawahawa. Unataka kuchukua fedha Dodoma ukaikabidhi kwa watu ambao kijiji kizima kinawalalamikia?

Mzee wa Kitangari

Wanangu, naongezea kidogo. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 tulikuwa hatufiki hata 20,000. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ulikuwepo, bei ilikuwa mbovu, lakini kubwa zaidi watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao porini. Serikali za mitaa zilikuwa zimeshafutwa 1972, na vyama vya ushirika vikafutwa 1976. Ukitaka kulalamika, ulimlalamikia mtu aliyeletwa kutoka mbali na atakayehamishwa kesho. Viongozi wa wakati ule hawakuwa watu wabaya. Waliamua mambo ya shamba wasilolijua, na hakukuwa na chombo cha kuwaambia simameni.

Mwanatandahimba

Shikamoo mzee, asante sana.

Kaka wa Masasi, ibara ya 135 ya Katiba uliyoitaja ina sehemu ya pili. Inaruhusu sheria kutenga fedha kwa shughuli maalumu bila kupitia Mfuko Mkuu. Mgawo wa 65 kwa 35 ulisimama hapo, kwa hiyo hatuombi kuvunja umoja wa taifa. Na hiyo 35 ya Singida na Dodoma siigusi.

Kuhusu uongozi, nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamuru korosho inunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo. Wengi tulishangilia, bei ilikuwa nzuri kuliko ya wanunuzi. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, na wapo waliosubiri malipo hadi msimu wa kupulizia ukawakuta hawana hela ya salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiriunga. Serikali iliyotupandishia bei kwa tamko la siku moja ndiyo iliyokuwa imeichukua tozo miezi mitano kabla. Miaka hii pembejeo za ruzuku zimerudi, na nashukuru kwa dhati. Lakini zimerudi kwa uamuzi wa aliyepo. Mimi nataka ziwe haki ambayo waziri mpya hawezi kuifuta kwa bajeti moja.

Aliyewahi kupuliza anajua ninachosema. Mota ya kupulizia mgongoni kuanzia alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, salfa imejaa kwenye kope. Ukikosa mzunguko mmoja kwa sababu mfuko wa salfa umechelewa wiki mbili, maua yamekwisha kuwa meupe kwa ubwiriunga. Ofisi iliyo mbali haiwezi kuziona hizo wiki mbili.

Dada wa Ruangwa

Mimi ni mkulima na mjumbe wa AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika. Naunga mkono mgawo, ila hoja ya Masasi kuhusu walaji wa huku chini hamjaijibu. Kwenye chama chetu mwanachama anaona makato yake, ushuru wa chama, wa chama kikuu, usafirishaji, ghala. Akiuliza ushuru wa chama mwaka jana ulinunua nini, anaambiwa subiri mkutano mkuu, na mkutano mkuu unaitishwa wakati watu wako shamba. Wanawake ndio kabisa, shamba ni lake na mumewe, uanachama ni wa mume. Kura mnayoitaka itapigwa na nani?

Mwanatandahimba

Dada, hapo umenibana, na sitakimbia. Naliweka hivi: sehemu ya zao ilipwe moja kwa moja kwenye pembejeo na huduma za ugani, isipite mkononi mwa chama kama fedha taslimu. Chama kipige kura ya vipaumbele tu, na kila mnada karatasi ibandikwe ghalani: tani zilizouzwa, tozo iliyotokana nazo, kilichorudi. Mwenye shamba yeyote aliyesajiliwa, mke au mume, awe na kura yake.

Kaka wa Masasi

Karatasi ya ghalani naikubali leo hii, hata kabla ya kubadili sheria. Kwenye 65 bado hujanishawishi. Niambie ukaguzi utafanywa na nani.

Mwanatandahimba

CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, na taarifa yake isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu, mwezi ambao watu hawako shamba.